Sungura Asiyekimbia: Mwongozo Kamili wa Kumwachia Sungura Huru Katika Nyumba Yenye Paka

Paka aliyeshiba bado huwinda. Yeyote aliyewahi kumwona paka wake akimrukia mjusi ukutani dakika chache baada ya kumaliza bakuli la dagaa anajua kwamba kinachomwamsha ni mwendo wa kitu kidogo kinachokimbia, na wala si njaa peke yake. Sungura naye ameumbwa kukimbia: macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa ili aone karibu pande zote kwa wakati mmoja, na miguu yake ya nyuma ina nguvu kiasi kwamba akishtuka vibaya anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Ukiwaweka wawili hawa katika sebule moja bila maandalizi, kila mmoja atafanya alichoumbiwa. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zina lengo moja, nalo ni kumfikisha sungura mahali ambapo haoni sababu ya kukimbia anapomwona paka, kwa kuwa sungura anayeendelea kutafuna nyasi zake hampi paka kitu cha kufukuza.

Ninayoandika nimeyapata kwa kuishi Dar es Salaam na paka wawili na sungura jike mmoja mweupe, katika nyumba isiyo na uwanja wa maana. Kwetu kazi ilichukua takriban wiki tisa. Kuna nyumba zitakazomaliza mapema kidogo, na nyingine hazitafika kamwe, na hilo la mwisho ni vema ulikubali mapema.

Je, wanyama wako wanafaa?

Anza na ukubwa. Sungura wengi wanaouzwa Tanzania na Kenya ni wa aina zilizoletwa kwa ajili ya nyama, kama vile New Zealand White na California, ambao wakikomaa hufikia kilo 4 au 5, yaani wanalingana na paka wa kawaida au kumzidi. Hiyo ni bahati yetu ambayo mfugaji wa sungura wadogo wa mapambo wa Ulaya, wasiozidi kilo moja na nusu, hana. Lakini bahati hiyo haimhusu sungura mchanga. Mtoto wa sungura wa wiki nane, machoni pa paka, ni panya mnene, na haifai kumkutanisha na paka aliyekomaa hata ukiwa umesimama pembeni. Msubiri afikishe angalau miezi minne au mitano na awe na umbo la kueleweka.

Kisha mtazame paka wako bila upendeleo. Paka anayerudi kila siku na ndege au panya mdomoni, anayewavamia wenzake, au asiyeweza kuondoa macho kwenye kitu akishakiona, ni mwindaji hodari, nawe huna namna ya kumfundisha aache kuwa yeye. Paka mtu mzima, mvivu kidogo, anayependa kulala dirishani, ndiye mwanafunzi mzuri. Mchanganyiko rahisi kuliko wote ni mtoto wa paka anayekuja katika nyumba ambayo sungura mkubwa ameshaitawala, kwa sababu anakua akimjua sungura kama mkubwa wake.

Nitoke nje ya njia kidogo hapa. Sisi tumelelewa na hadithi za Sungura mjanja anayemchezea shere Fisi na Simba, na nadhani zimetuharibia kidogo, kwa sababu tunamdhania sungura ni mnyama anayejua kujitoa taabani. Yule wa hadithi ni sungura wa porini wa kwetu, anayelala juu ya ardhi na kutegemea mbio zake ndefu. Huyu wa kufugwa asili yake ni Ulaya. Ni mnyama wa mashimo anayeishi kwa makundi, na ujanja wake wote ni kufika shimoni haraka. Jambo hilo ndilo litakalotuongoza tutakapoipanga nyumba.

Daktari wa mifugo kwanza

Usianze kuwakutanisha kabla wote hawajapimwa, na kama inawezekana, kabla hawajahasiwa au kufungwa uzazi. Sungura dume ambaye hajahasiwa atawapanda paka wako, jambo ambalo paka hulijibu kwa kucha, na jike ambaye hajafungwa uzazi anaweza kuilinda kona yake kwa kuuma na kukwaruza kiasi kwamba anayehitaji kuokolewa ni paka. Zaidi ya tabia kuna afya: saratani ya mji wa mimba ni ugonjwa wa kawaida sana kwa sungura majike wasiofungwa uzazi wanapopita umri wa miaka mitatu au minne. Dume anaweza kuhasiwa tangu miezi minne hivi, na jike hufanyiwa upasuaji akiwa na miezi mitano au sita. Chagua daktari aliyezoea kuwapasua sungura, na muulize waziwazi kama atakutaka umlaze sungura na njaa kabla ya upasuaji. Jibu sahihi ni hapana, kwani sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa bila chakula husimama. Kumbuka pia kwamba dume aliyehasiwa anaweza kuendelea kuzalisha kwa wiki nne hadi sita baada ya upasuaji, kwa hiyo kama una jike mwingine, watenganishe.

Paka apewe chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na chanjo zake nyingine, apewe dawa ya minyoo, na wote wawili wakaguliwe masikio na ngozi. Upele na choa vinaweza kuhama kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine, na choa huwafikia hata watoto wako.

Katika suala la viroboto inabidi nisisitize, maana hapa ndipo watu wenye nia njema huua wanyama wao. Dawa ya matone yenye fipronili, ambayo paka wengi hupakwa shingoni, ni sumu kwa sungura. Na dawa za mbwa zenye permethrini huua paka. Sungura na paka wanaoishi pamoja hulala wamegusana na hulambana, kwa hiyo dawa uliyompaka mmoja umempaka na mwenzake. Mweleze daktari kwamba una wanyama wote wawili chini ya paa moja. Ipo dawa iitwayo selamektini ambayo madaktari huitumia kwa paka na sungura, kwa vipimo tofauti, lakini kipimo hicho akipange yeye, si muuzaji wa dukani.

Mwisho, kata ncha za kucha za paka, na urudie kila baada ya wiki mbili au tatu. Ngozi ya sungura ni nyembamba kuliko manyoya yake yanavyokuonyesha, na jicho lake limetokeza nje, hivyo hata kofi la mchezo linaweza kumwacha na kidonda.

Hatua ya kwanza: makao ambayo paka hafiki

Sungura huru anahitaji kwao kuliko yule anayefungiwa. Kabla hajatembea nyumba nzima, awe na eneo lake mwenyewe ambalo halijawahi kuingiliwa na paka, ili akishtuka ajue pa kwenda bila kufikiri. Mashirika ya ustawi wa sungura ya Uingereza hupendekeza mita 3 kwa 2, na kimo cha mita 1, kwa sungura wawili. Katika nyumba zetu nyingi hicho ni chumba kizima cha mtoto, kwa hiyo fanya unachoweza, ila usishuke chini ya nafasi inayomwezesha kuruka mara tatu mfululizo na kusimama wima kwa miguu ya nyuma.

Uzio utengenezwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, yasiyopitisha mkono wa paka. Matundu ya sentimita 2 na nusu yanatosha. Wavu wa kuku wa nyaya nyembamba haufai kwa sababu sungura huutafuna. Kwa kuwa paka hupanda na kuruka, uzio uwe na kifuniko cha juu, la sivyo umejenga uwanja wa mieleka. Sakafu ya vigae peke yake humtelezesha, na sungura anayeteleza huwa na wasiwasi muda wote, kwa hiyo tandika mkeka wa ukili au zulia la zamani. Mkeka atautafuna, na hakuna neno, kwa kuwa ukili mkavu haumdhuru.

Ndani ya uzio weka nyumba ya kujifichia yenye milango miwili. Jambo hili linaonekana dogo lakini ndilo ninaloligombania kuliko yote, kwa sababu kijumba chenye mlango mmoja ni mtego: paka akikaa mlangoni, sungura hana pa kutokea, na mnyama aliyebanwa hivyo anaweza kufa kwa hofu tu bila kuguswa. Boksi gumu la katoni lililotobolewa pande mbili, kila tundu la upana wa sentimita 15 hivi, latosha kabisa, na likichakaa unaweka jingine.

Choo chake kiwe beseni pana la plastiki. Weka chini karatasi za magazeti zilizochanwa au maranda makavu ya mbao zisizo na harufu kali, juu yake tandaza nyasi kavu, kwa sababu sungura hupenda kula huku akijisaidia, na tabia hiyo ndiyo inayomfundisha choo bila wewe kusema neno. Usitumie mchanga wa paka unaogandamana ukilowa, kwani sungura akiula utamgandia tumboni. Nyasi kavu ziwepo saa zote, zikiwa karibu asilimia 80 ya anachokula, kwa kuwa meno yake hayaachi kuota na utumbo wake hauachi kuhitaji nyuzi. Marobota utayapata kwa wauzaji wa malisho ya ng'ombe. Kenya huuzwa zaidi nyasi za boma Rhodes, nazo ni nzuri. Juu ya hizo mwongezee majani kama kishonanguo, majani ya karoti na matembele kidogo. Parachichi na majani yake, majani ya nyanya na ya viazi mviringo vyote asipewe.

Wanaoishi pwani wafikirie pia joto. Sungura hustarehe kati ya nyuzi 15 na 21 hivi za Selsiasi, na likipita 30 yuko hatarini, jambo linalotukuta Dar es Salaam, Tanga na Mombasa karibu kila mchana kuanzia Januari hadi Machi. Weka makao yake upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri, mpe kipande cha kigae cha kulalia, na uweke chupa ya maji yaliyogandishwa iliyofungwa kitambaa. Ukimwona anahema kwa mdomo wazi na masikio yamekuwa ya moto, yapanguse masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida na uondoke kwenda kwa daktari. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu.

Hatua ya pili: harufu kabla ya macho

Kwa wiki ya kwanza na ya pili wanyama wasionane. Mlango ufungwe, na kazi yako iwe kuhamisha harufu. Mfute sungura mashavuni na chini ya kidevu kwa kitambaa kisafi, mahali anapotoa harufu ya kuweka alama vitu vyake, kisha kiweke kitambaa hicho karibu na bakuli la paka. Chukua kingine umfute paka mashavu, ukipeleke karibu na nyasi za sungura. Kila mmoja ajifunze kwamba harufu ya yule mwingine huja pamoja na chakula.

Baada ya siku chache mpe kila mmoja nafasi ya kukagua chumba cha mwenzake wakati mwenyewe hayupo. Sungura wangu alipoingia sebuleni mara ya kwanza, alipiga sakafu kwa miguu ya nyuma kila alipofika kwenye kochi la paka, kwa siku nne mfululizo. Siku ya tano alilisugua kochi kwa kidevu, yaani alilitia alama kuwa lake. Nilipoona hivyo nikajua tunaweza kusogea.

Hatua ya tatu: kuonana kupitia wavu

Sasa sungura akiwa ndani ya uzio wake, paka aruhusiwe kuingia chumbani, mmoja mmoja kama ni wengi. Chagua mchana, paka anapokuwa amekula na amelegea. Epuka alfajiri na magharibi, kwa sababu ni saa ambazo wote wawili huchangamka, mmoja kwa kuwinda na mwingine kwa kutafuta malisho. Wape dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, huku umekaa sakafuni kati yao ukiwa na kitu kitamu kwa kila mmoja.

Unachosoma ni miili yao. Paka anayejifunza vizuri hutazama, hupepesa macho taratibu, hugeuka pembeni, hujilamba au hulala. Paka anayewinda huinama akabana miguu chini ya tumbo, mboni za macho hupanuka, masikio huelekea mbele, ncha ya mkia hutikisika, na makalio huchezacheza kabla ya kuruka. Ukiziona ishara hizi usimpige wala kumfokea, kwa kuwa kelele zako zitamshtua sungura zaidi na kumfunza paka kwamba sungura huleta balaa. Katiza mstari wa macho yao kwa kipande cha katoni, mwite paka kwa chakula, umtoe, kisha kesho uanze kwa umbali mkubwa zaidi.

Sungura naye ana lugha yake. Akiganda kama jiwe huku macho yametokeza na masikio yamelala mgongoni, ana hofu kubwa, na kutulia huko kusikudanganye. Akipiga chini kwa miguu anatoa onyo. Akiendelea kula, akajipangusa uso, au akajibwaga ubavu miguu ikiwa imenyooka, ameridhika. Na siku atakayoruka juu na kujipinda hewani mbele ya paka, ujue furaha imemshinda.

Hatua hii ndiyo wengi huikimbiza, kwa sababu baada ya siku tatu za amani mtu huona inatosha. Haitoshi. Subiri angalau siku 14 mfululizo ambazo paka hajanyatia hata mara moja na sungura hajaacha kula kwa ajili yake. Ikitokea siku mbaya katikati, hesabu inaanza upya.

Hatua ya nne: chumba kimoja bila wavu

Mvalishe paka mkanda wa kifua wenye kamba, aliyozoea kuivaa kwa siku kadhaa kabla. Sungura asifungwe kamba yoyote, kwa sababu akishtuka akavutwa ataumia mgongo. Pia usimshike mikononi kumwonyesha paka. Watu hufanya hivyo kwa mapenzi, lakini mnyama wa kuwindwa aliyeinuliwa hewani huku mwindaji amesimama mbele yake hajifunzi chochote isipokuwa kutokuamini.

Fungua mlango wa uzio, mwache sungura atoke mwenyewe au akatae kutoka. Chumba kiwe na maficho matatu au manne yaliyotawanyika, yote yenye milango miwili, ili popote alipo asiwe zaidi ya hatua chache kutoka penye usalama. Usisahau kwamba huyu ni mnyama wa mashimo: maficho mengi zaidi humfanya aonekane zaidi, kwa kuwa anayejua pa kukimbilia huthubutu kukaa wazi. Paka naye apewe mahali pa juu, kama rafu au juu ya kabati, kwa sababu naye huhitaji pa kuepukia. Kwetu ilitokea mara nyingi kwamba sungura ndiye aliyewafukuza paka.

Sungura wengi, wakishazoea, humkaribia paka na kuinamisha kichwa mbele yake hadi karibu kugusa sakafu. Anaomba alambwe, kama anavyofanya kwa sungura mwenzake. Paka wengine huelewa na kulamba. Wengine hukiona kichwa hicho kama mwaliko wa kupiga kofi. Kaa karibu katika siku hizo. Chunga pia paka mwenye tabia ya kulamba kwa upole halafu kung'ata ghafla, ambayo kwa paka mwenzake ni mchezo.

Baada ya wiki moja ya vikao vya dakika 20 hadi 30 bila tukio, iache kamba iburuzike sakafuni. Wiki inayofuata, ivue.

Hatua ya tano: nyumba nzima

Mfungulie chumba kimoja kila wiki, na kabla ya kufungua kila chumba piga magoti ukitazame kwa kimo cha sungura. Nyaya za umeme ndizo hatari ya kwanza, kwa kuwa huzikata kwa jino moja kama anavyokata mzizi shimoni. Zipitishe ndani ya mifereji ya plastiki ambayo mafundi umeme hutumia, au ziinue zaidi ya mita moja. Ziba nyuma ya friji na jiko. Mitungi ya gesi yenye mpira wa kupitishia gesi iwe mahali asipofika kabisa. Kagua mimea ya vyungu: mayungiyungi huua figo za paka, na mimea mingi ya majani mapana inayopendwa maofisini huunguza midomo ya wote wawili. Mnyaa wa uani usiingie ndani hata kwa kitawi.

Chakula cha paka kihamie juu ya meza au stuli, kwa kuwa sungura hukionja na wingi wa protini na mafuta yake humvuruga tumbo. Choo cha paka kiwe ndani ya boksi lenye tundu la juu au katika chumba ambacho sungura haingii, na kisafishwe kila siku. Paka mwenye vimelea vya toksoplazma hutoa mayai yao katika kinyesi, nayo huhitaji angalau siku moja nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayesafisha kila siku ameshafunga njia hiyo. Nyasi ambazo paka amezikojolea, na atazikojolea, zitupwe zote.

Sungura aongezewe mabeseni ya choo, moja katika kila chumba mwanzoni, kisha yapunguzwe kadiri unavyoona anayoyapenda. Mkojo wake unaweza kuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu kutokana na majani anayokula, nawe usishtuke kwa hilo peke yake.

Tatizo moja ambalo vitabu vya ughaibuni havilizungumzi vya kutosha ni paka shume. Paka wako wamejifunza kwa wiki tisa. Yule dume la mtaani anayeingia kwa dirisha la jikoni kufuata harufu ya samaki hajajifunza chochote. Madirisha yote yanayofunguliwa yawe na wavu madhubuti, na mlango wa nyuma usiachwe wazi wakati wa kupika. Wavu wa kawaida wa mbu shume huuchana kwa dakika moja, kwa hiyo juu yake weka wavu wa chuma.

Usiku na unapokuwa haupo

Msimamo wangu ni kwamba sungura arudi ndani ya uzio wake kila usiku na kila mnapoondoka nyumbani, kwa angalau miezi sita tangu vikao vya mwisho vimalizike salama, na katika nyumba nyingi iwe hivyo daima. Wapo watakaosema paka wao amelala na sungura kifuani kwa miaka miwili. Nawaamini. Lakini radi hupiga na sufuria huanguka, na sungura aliyeshtuka usiku atakimbia, na paka aliyeamshwa na mbio hizo hatakuwa na muda wa kukumbuka urafiki. Kumrudisha si kazi ukimzoesha kwamba tembe zake chache za chakula hutolewa humo, saa ileile, kila jioni. Baada ya wiki moja atakuwa anakusubiri.

Na kama mtu hayupo nyumbani mchana kutwa, afikirie sungura wa pili. Paka anaweza kuwa jirani mwema, lakini hawezi kuchukua nafasi ya sungura mwenzake.

Akiumwa au kukwaruzwa

Mdomo na kucha za paka hubeba bakteria, akiwemo pasturela, ambao humuua sungura kwa muda mfupi. Jeraha lenyewe mara nyingi ni tundu dogo lililojificha ndani ya manyoya, lisilotoa damu ya kukutisha, na hapo ndipo hatari ilipo. Papasa mwili mzima kwa vidole, punguza manyoya mahali penye jeraha, lioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo hata kama anakula na kuchangamka. Usaha wa sungura ni mzito kama jibini na hautoki wenyewe, kwa hiyo kusubiri jipu liive na kupasuka hakutasaidia.

Usimpe dawa ya binadamu iliyobaki kabatini. Amoksisilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini zikipitishwa mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wa sungura, na anaweza kufa kwa dawa wakati jeraha limepona. Paracetamol nayo, kwa paka, ni sumu hata nusu ya kidonge.

Hata asipoguswa, sungura aliyefukuzwa anaweza kuacha kula kwa hofu. Hesabu saa. Akipita saa 12 bila kula na bila kutoa kinyesi, hiyo ni dharura ya kwenda kliniki usiku huohuo, na wala si ya kusubiri kupambazuke.

Lini uache kujaribu

Ikiwa baada ya miezi mitatu ya utaratibu huu paka bado ananyatia kwenye wavu, au sungura anapungua uzito na kujificha mchana kutwa, gawa nyumba kwa zamu. Sungura awe huru asubuhi wakati paka wamefungiwa chumbani, paka wawe huru jioni. Paka mmoja kati ya wawili wangu yuko kwenye zamu mpaka leo. Mwenzake hulala ubavuni mwa sungura chini ya meza ya kulia. Huyu wa zamu, saa mbili asubuhi, huenda mwenyewe chumbani kwangu, akapanda dirishani, akasubiri nimfungie mlango.